Wastani, mediani au modi: namba ipi ibebe ripoti yako?

Daftari limejaa. Kaya zote ulizopangiwa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, umezifikia, na sasa msimamizi anauliza swali moja tu: kwa kifupi, watu hawa wanavuna kiasi gani? Hapo wengi hukimbilia wastani, kwa kuwa ndio waliouzoea tangu shule ya msingi. Mara nyingine wanapatia. Mara nyingine namba hiyo inaipamba kaya moja yenye trekta na kuzifuta kumi zenye jembe la mkono.

Vipimo vya kati vinavyotumika kila siku ni vitatu. Wastani ni jumla iliyogawanywa sawa kwa wote. Mediani ni thamani inayokaa katikati namba zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Modi ni jibu lililojirudia mara nyingi kuliko mengine. Vyote vitatu ni sahihi kihesabu, ila kila kimoja kinajibu swali lake, na anayeanza hukosea pale anapochukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Jiulize kwanza msomaji wa ripoti anataka kujua nini: jumla, hali ya mtu wa kawaida, au jibu linaloongoza. Kisha tazama data zako ni za aina gani. Magunia, kilo na shilingi hujumlishika; daraja la kuridhika (vibaya, wastani, vizuri) hupangika tu; zao kuu au chanzo cha maji hakipangiki wala hakijumlishiki. Jambo la tatu ni namba iliyojitenga, ile moja iliyo mbali na wenzake: kipimo chako kitaivumilia au kitavutwa nayo? La nne, je, utahitaji kuendelea na hesabu, kwa mfano kuunganisha matokeo ya vijiji viwili? La mwisho ni mtawanyiko, yaani namba zimesambaa kiasi gani, kwa sababu kipimo cha kati kikitoka peke yake huwa kimesema nusu ya habari.

Kaya 11 za kujifunzia

Tutumie mfano mmoja kwa vipimo vyote. Kaya 11 za wakulima wa mtama, za kubuni, zimeulizwa zilivuna magunia mangapi ya kilo 100 msimu uliopita. Majibu yameandikwa kwa mpangilio wa mahojiano:

6, 4, 43, 9, 4, 3, 7, 5, 8, 4, 6

Kabla ya kushika kikokotoo, simama kwenye ile 43. Rudi kwenye dodoso. Inawezekana ni kweli, kaya hiyo inalima ekari nyingi. Inawezekana mhojaji alitaka kuandika 4 kisha kidole kikateleza kwenye 3. Inawezekana pia mkulima alijibu kwa madebe na wewe ukaandika kwenye safu ya magunia. Kwa hesabu ya madebe 6 kwa gunia, madebe 43 ni magunia 7 na kidogo, namba inayoingia vizuri kabisa kati ya wenzake. Na kuna lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu huzidi kilo 100, hivyo kaya mbili zilizojibu "magunia 6" huenda hazikuvuna sawa. Hakuna kipimo cha kati kitakachotibu kipimo kibovu cha shambani. Uliza kwa kilo, au andika ukubwa wa gunia pembeni ya jibu.

Tuseme umehakiki, na 43 ni ya kweli. Tuendelee.

Wastani

Jumlisha zote: 99. Gawa kwa 11. Wastani ni magunia 9.

Sasa tazama orodha upya. Kaya tisa zimevuna chini ya 9, moja imevuna 9 kamili, na moja tu imevuka. Ukiandika kwamba kaya za kijiji hiki huvuna magunia 9, umeeleza hali ambayo kaya tisa kati ya 11 hazijaifikia. Ukiiondoa 43 kwa majaribio, jumla ya zilizobaki ni 56 na wastani wa kaya 10 unashuka hadi 5.6. Kaya moja ilikuwa imebeba magunia 3.4 ya wastani wa kijiji kizima.

Usiutupe kwa sababu hiyo. Wastani una uwezo ambao vipimo vingine viwili havina kabisa: unarudi kwenye jumla. Zidisha 9 kwa 11 unapata 99, yaani tani 9.9. Katibu wa chama cha msingi cha ushirika anayetafuta lori la kubeba mtama wote kwenda ghalani anahitaji hasa hiyo. Akitumia mediani, ambayo tutaona ni 6, atapata magunia 66, akodi lori la tani 7, na magunia 29 yabaki yamelala barabarani. Kwa kazi ya ghala, usafiri, bajeti na mahitaji ya chakula, wastani hauna mpinzani. Ndiyo maana ripoti ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, inatoa ukubwa wa kaya kwa wastani: watu 4.3. Hakuna kaya yenye watu wanne na theluthi, lakini anayepanga huduma kwa kaya 1,000 anajua aandae kwa watu kama 4,300.

Wastani pia huunganika, kwa sharti moja. Kijiji kimoja kina kaya 20 zenye wastani wa magunia 5, jirani yake kina kaya 80 zenye wastani wa 8. Anayeanza hujumlisha 5 na 8, akagawa kwa 2, akapata 6.5. Si sahihi. Kijiji cha kwanza kina magunia 100, cha pili 640. Jumla 740 kwa kaya 100 ni 7.4. Kijiji kikubwa lazima kivute zaidi.

Kosa hilohilo huwagharimu wanunuzi wa mahindi Kibaigwa. Umenunua magunia 30 kwa shilingi 60,000 na mengine 10 kwa shilingi 72,000. Kati ya bei hizo mbili ni 66,000, lakini fedha iliyotoka mfukoni ni 2,520,000 kwa magunia 40, yaani 63,000 kwa gunia. Ukijipangia bei ya kuuza kwa kuanzia 66,000 unaweza kumkosa mteja kwa shilingi 3,000 ambazo hukuzitumia.

Makosa mengine huingia kupitia programu. Kwenye Excel, =AVERAGE(B2:B12) huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri. Kaya ambayo haikuvuna chochote iandikwe 0. Kaya ambayo haikujibu iachwe tupu. Ukizichanganya, wastani unapanda au unashuka bila wewe kujua. Namba iliyoingia kama maandishi, kwa mfano "6 gunia" au 6 yenye kipembetatu kidogo cha kijani kwenye kona ya seli, hairukiwi kwa kelele, inaachwa kimyakimya. Hakikisha kwa =COUNT(B2:B12): ikikupa 10 wakati kaya ni 11, kuna moja haijahesabiwa. Halafu kuna msimbo wa 99 au 999 ambao madodoso mengi hutumia kwa "hajui". Ukiusahau ndani ya safu ya magunia, kaya moja isiyojua inageuka kuwa mkulima mkubwa kuliko wote wilayani.

Jedwali la marudio lina mtego wake. Tuchukue kaya 40 zilizoulizwa idadi ya watu: kaya 5 zina watu 2, kaya 8 zina 3, kaya 11 zina 4, kaya 9 zina 5, kaya 4 zina 6, kaya 2 zina 7, na kaya 1 ina watu 10. Mwanafunzi hutazama safu ya kwanza, akajumlisha 2, 3, 4, 5, 6, 7 na 10, akapata 37, akagawa kwa 7, akaandika 5.3. Amesahau kwamba ile kaya ya watu 10 ni moja na zile za watu 4 ni 11. Zidisha kila idadi kwa marudio yake: 10, 24, 44, 45, 24, 14, 10. Jumla ni watu 171. Gawa kwa kaya 40: 4.275.

Wastani unamfaa anayeshughulika na jumla, na anayeshughulika na data zilizojipanga kwa ulinganifu bila mkia mrefu upande mmoja, yaani bila namba chache zilizokwenda mbali na wenzake.

Mediani

Panga kwanza, hesabu baadaye:

3, 4, 4, 4, 5, 6, 6, 7, 8, 9, 43

Idadi ni 11. Ongeza 1, gawa kwa 2: nafasi ya 6. Thamani iliyo pale ni 6, na hiyo ndiyo mediani. Idadi ikiwa shufwa, chukua mbili za katikati na utafute wastani wake. Ukiiondoa 43 zinabaki namba 10, za katikati ni 5 na 6, mediani 5.5.

Kosa linaloongoza hapa ni kutopanga. Rudi kwenye mpangilio wa mahojiano hapo juu na uhesabu nafasi ya sita: ni 3, kaya iliyovuna kidogo kuliko zote kijijini. Mwanafunzi ameandika kwamba nusu ya kaya zinavuna chini ya magunia 3, wakati hakuna hata moja. Excel haina shida hiyo, kwa kuwa =MEDIAN(B2:B12) hupanga yenyewe, lakini anayefanya kwa mkono kwenye chumba cha mtihani hana msaada huo. Panga, kisha hesabu tena kwamba namba zilizopangwa ni nyingi sawasawa na zile za mwanzo. Ni rahisi sana kuangusha 4 moja kati ya tatu.

Nguvu ya mediani ni utulivu. Wastani ulishuka kutoka 9 hadi 5.6 tulipoiondoa 43. Mediani imesogea kutoka 6 hadi 5.5 tu. Hata kama 43 ingekuwa 430 kwa kosa la kuchapa, wastani ungeruka hadi magunia 44, na mediani ingebaki 6 palepale. Ndiyo sababu inapendwa kwenye mapato, kodi za nyumba, bei za viwanja na ukubwa wa mashamba, mahali ambapo wachache huwa na kingi sana. Mtumishi anayehamia Dodoma akitaka kujua ajiandae na kodi ya kiasi gani, mediani ya vyumba vya mtaa anaoutaka itamwambia ukweli kuliko wastani uliovutwa na nyumba mbili nzima zenye uzio na geti.

Lakini utulivu huo una gharama, na hapa tunaomba usome taratibu, kwa sababu jambo hili halisemwi vya kutosha. Mediani haiwaoni walio pembezoni, wa juu wala wa chini. Tuseme msimu unaofuata mvua inakatika mapema na kaya tatu za chini kabisa, zenye 3, 4 na 4, zinapata 0, 0 na 1. Panga upya: 0, 0, 1, 4, 5, 6, 6, 7, 8, 9, 43. Mediani bado ni 6. Kaya tatu hazina chakula cha kufika Machi, na kipimo chako kinasema hakuna kilichobadilika. Wastani nao ungeshuka kidogo tu, kutoka 9 hadi 8.1, kwa hiyo usidhani ungekuokoa. Ripoti inayohusu njaa, madeni au utoro inapaswa kutaja moja kwa moja idadi ya walio chini ya kiwango fulani, pamoja na kipimo chochote cha kati utakachochagua.

Mediani pia haiunganiki. Mediani ya kijiji A ni 5, ya kijiji B ni 8. Ya vyote viwili kwa pamoja huwezi kuijua bila kurudi kwenye namba zenyewe na kuzipanga upya. Anayekusanya ripoti za kata ili kutengeneza ya wilaya aombe data ghafi mapema, maana mediani alizoletewa hazitamfikisha popote.

Inamfaa anayetaka kueleza mtu wa kawaida pale ambapo kuna pengo kubwa, na anayeshughulika na majibu ya daraja. Kwenye swali la "nakubaliana sana" hadi "sikubaliani kabisa", mediani inakupa jibu lenye maana ya maneno: mjibuji wa katikati "anakubaliana". Wastani wa 3.7 kwenye swali hilo (majibu yakipewa namba 1 hadi 5) unachukulia kwamba hatua kati ya "sikubaliani" na "sina uhakika" ina urefu uleule wa ile kati ya "nakubaliana" na "nakubaliana sana". Wapo watafiti wanaoukubali na wapo wanaoukataa. Kama msimamizi wako ni wa kundi la pili, utalazimika kuandika sura hiyo upya.

Modi

Katika kaya zetu 11, magunia 4 yametokea mara tatu, mengi kuliko jibu jingine. Modi ni 4. Tuna majibu matatu sasa kwa kijiji kimoja: 9, 6 na 4.

Kwenye namba kama hizi modi ni dhaifu. Kaya moja ya magunia 4 ikikumbuka kwamba ilivuna 6, basi 6 zinakuwa tatu na 4 zinabaki mbili. Modi inaruka kutoka 4 hadi 6 kwa sababu ya jibu moja. Kwenye vipimo vya mizani, kama kilo 37.4 za zabibu kutoka kila mstari wa mizabibu, huenda hakuna namba itakayojirudia, na =MODE.SNGL itarudisha #N/A. Zikifungana mbili, fomula hiyo inakupa moja bila kukwambia kuna nyingine; tumia =MODE.MULT. Na kwenye umri jihadhari zaidi: watu wasiokumbuka tarehe ya kuzaliwa hukadiria kwa namba zinazoishia na 0 au 5, kwa hiyo modi ya 40 inaweza kuwa imepima tabia ya kukadiria, haikupima umri.

Ila kuna eneo ambalo modi inatawala peke yake: majibu yasiyo namba. Nishati ya kupikia, zao kuu, chanzo cha maji, lugha ya nyumbani. Hapa hutokea kosa linaloonekana la kitaalamu hadi ulisome kwa sauti. Dodoso limeweka misimbo: 1 ni kuni, 2 ni mkaa, 3 ni gesi. Data zinaingia kwenye programu kama namba, programu inatoa wastani bila kusita, na ripoti inasema "wastani wa nishati ya kupikia ni 1.8". Hakuna nishati inayoitwa 1.8. Geuza misimbo kuwa maneno kabla ya kuanza uchambuzi, na kosa hilo halitapata nafasi. Andika: "Kuni ndizo zinazoongoza, zikitumiwa na kaya 46 kati ya 80, sawa na asilimia 57.5."

Mfanyabiashara naye anaihitaji. Muuza viatu vya shule Majengo akigundua wastani wa saizi alizouza ni 36.7, hawezi kuagiza 36.7. Saizi iliyotoka zaidi ndiyo ajaze, kisha zile zinazoifuata kwa pande zote mbili.

Kila kimoja na mwenzake

Kipimo cha kati kisiende barabarani bila kipimo cha mtawanyiko. Wastani huongozana na mkengeuko sanifu: toa wastani kwenye kila namba, pandisha tofauti kwenye kipeo cha pili, jumlisha, gawa kwa idadi ukipunguza 1, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa kaya zetu jumla ya vipeo vya pili ni 1,306. Gawa kwa 10 unapata 130.6, mkengeuko ni 11.4. Kati ya hiyo 1,306, kaya ya magunia 43 peke yake imeleta 1,156. Mkengeuko ukiwa mkubwa kuliko wastani wenyewe kwenye vitu visivyoweza kuwa chini ya sifuri, kama mavuno, hiyo ni dalili kwamba kuna mkia mrefu na wastani hauelezi kaya ya kawaida.

Unagawa kwa 10 au kwa 11? Kama kaya hizo 11 ni sampuli ya kijiji, gawa kwa 10, na kwenye Excel tumia =STDEV.S. Kama ndizo kaya zote unazozizungumzia, gawa kwa 11 kwa =STDEV.P, utapata 10.9. Ripoti nyingi za mafunzo kwa vitendo ni za sampuli.

Mediani huongozana na robo. Gawa orodha iliyopangwa pande mbili ukiiacha mediani: upande wa chini 3, 4, 4, 4, 5 una kati yake 4, upande wa juu 6, 7, 8, 9, 43 una kati yake 8. Nusu ya katikati ya kaya imevuna magunia 4 hadi 8, upana wa 4. Hapo msomaji anakiona kijiji. Robo hizi pia zinakupa kanuni ya kutambua namba iliyojitenga: zidisha upana kwa 1.5, upate 6, ongeza kwenye robo ya juu, upate 14. Chochote kinachozidi 14 kikahakikiwe; 43 imevuka mbali. Kuhakiki siyo kufuta. Namba ya kweli haiondolewi kwa sababu inaharibu wastani.

Usishtuke Excel ikikupa robo ya juu 7.5 badala ya 8. =QUARTILE.INC na =QUARTILE.EXC hutumia kanuni tofauti za kugawa. Ya kwanza inatoa 7.5 hapa, ya pili inatoa 8. Chagua moja, itaje kwenye sura ya mbinu, usiibadilishe katikati ya ripoti.

Modi mwenzake ni asilimia. "Zao kuu ni mtama" inaweza kuwa asilimia 80 au asilimia 28, na hizo ni habari mbili tofauti.

Pale vitatu vyote vinaposhindwa

Mvua ya Dodoma inaeleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Kwa mwaka tunapata kati ya milimita 550 na 600 hivi. Chukua 570, gawa kwa miezi 12: milimita 47.5 kwa mwezi. Nani amewahi kuishi mwezi wa namna hiyo hapa? Januari kwa kawaida hupita 100, na kuanzia Juni hadi Septemba karibu hakuna kitu. Mediani itakuangusha kwenye miezi ya mpito, modi itakupa ukame. Data zenye makundi mawili hazina kati moja. Zitenganishe kwanza, msimu wa mvua wa Desemba hadi Aprili upande wake na kiangazi upande wake, kisha eleza kila kundi kivyake. Darasa lenye waliofeli kabisa na waliofaulu sana ni hivyohivyo. Alama 9 za 12, 15, 18, 20, 22, 71, 74, 78 na 80 zina wastani wa 43.3, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliye karibu na 43.

Chora nguzo za marudio kabla ya hesabu yoyote. Milima miwili ikionekana, usitafute kati.

Kinyume chake pia kipo. Zile kaya 40 za idadi ya watu zina wastani wa 4.3, mediani 4 (kaya ya 20 na ya 21 zote ziko kwenye watu 4) na modi 4. Vipimo vikikaribiana hivi, chagua kile wasomaji wako wanachokielewa, na wengi wanauelewa wastani. Vikiachana kama 9, 6 na 4, wastani ukiwa juu kabisa, mkia unaelekea kwenye namba kubwa.

Ukiwa katika hali hii

Unapanga ghala, lori, bajeti au chakula: chukua wastani, kisha uuzidishe kwa idadi kuona kama unarudi kwenye jumla unayoijua. Bei za manunuzi zipimwe kwa wingi wa mzigo.

Unaeleza maisha ya mkulima, mpangaji au mwenye mapato madogo: tumia mediani na robo zake, na ongeza sentensi moja ya idadi ya walio chini ya kiwango kinachohusika.

Una majibu ya aina, yasiyo namba: modi na asilimia, pamoja na idadi kamili ya waliojibu.

Ni mwalimu unayegawa darasa kwa ajili ya masomo ya ziada: anza na nguzo, maana uamuzi wako unategemea kama kuna kundi moja au mawili.

Ni afisa ugani unayepeleka ripoti ya kata juu: weka wastani na mediani zote mbili kwenye mstari mmoja, ukitaja idadi ya kaya, kwa sababu mtu wa wilaya atahitaji wastani ili kujumlisha na atahitaji mediani ili aelewe. Ambatanisha na safu ya data ghafi. Kwa kaya zetu mstari huo ungesomeka hivi: "Kaya 11; mediani magunia 6 (robo 4 hadi 8); wastani 9, ukiwa umevutwa na kaya moja yenye magunia 43 iliyohakikiwa; gunia ni la kilo 100 bila lumbesa."

Na kama bado hujaingia shambani, weka kikomo kwenye dodoso lako la KoboToolbox (programu ya kukusanyia data kwa simu), kwa mfano jibu lolote linalozidi magunia 30 lidai uthibitisho wa papo hapo. Ni rahisi kumuuliza mkulima mara ya pili ukiwa bado umekaa kwenye kigoda chake kuliko kurudi Mvumi kwa pikipiki wiki ya kuwasilisha ripoti.